Dar es Salaam hadi Iringa kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari ya Gari Dogo

Kila Juni na kila Desemba napokea ujumbe ule ule, anayebadilika ni mwandishi tu. "Tulitoka Dar saa tatu asubuhi, simu ikatuambia mwendo wa saa nane, giza limetukuta mlima Kitonga." Mwingine alitoka saa sita mchana, akaingia Mikumi hifadhini jua limezama, tembo wako barabarani na taa moja ya gari imekufa. Wote walifika salama, namshukuru Mungu, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kurudia.

Hawa si madereva wabaya. Wamepanga safari kwa kilomita, na barabara hii hupangwa kwa saa. Tena saa zenyewe huhesabiwa kuanzia jioni kurudi nyuma.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari dogo la familia anayetaka kwenda Iringa kwa mchana mmoja, takriban kilomita 500, kupitia Chalinze, Morogoro, Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Soma wote kabla ya kuanza maandalizi, kwa sababu kuna kazi za kufanya siku nne kabla.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya sheria. Leseni hai yenye daraja la gari unaloendesha, kadi ya gari au nakala yake, bima hai, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, na mtungi wa kuzima moto ambao tarehe yake haijapita. Kama gari ni la kuazima, chukua barua fupi ya mwenye gari yenye namba yake ya simu. Angalia pia deni la faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Wengi hugundua deni la miezi mitatu iliyopita wakiwa wamesimamishwa Mlandizi, na hapo ndipo asubuhi yao inapoharibika.

Vya gari. Spea yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati za gari lako, ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki, lita tano za maji, lita moja ya oili, waya za kuchajia betri, kamba ya kuvutia, tochi, glavu, na jiwe au kipande cha gogo cha kuzuia tairi. Hilo la mwisho usilidharau. Utalielewa ukifika Kitonga.

Vya watu. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, chakula kikavu, dawa za huduma ya kwanza, mifuko kwa ajili ya watoto wanaotapika, na sweta kwa kila abiria. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyetoka Dar na fulana mwezi wa Julai atatetemeka jioni ile ile.

Vya simu. Ramani iliyopakuliwa kabisa, chaja ya gari, na namba mbili za kukariri: 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Mtandao hukatika katika baadhi ya vipande vya hifadhi na milimani.

## Hatua ya 1: Hesabu saa kuanzia jioni

Chukua karatasi. Andika juu kabisa: *jua linazama saa 12 na nusu jioni*. Huo ndio ukuta. Mahesabu yote yanashuka kutoka hapo.

Kwa nini usiweke mwendo wa 80 kwa saa ukagawanya? Kwa sababu hutaupata. Kati ya Dar na Iringa unakutana na vibao vya 50 vijijini, matuta, rasta zinazotetemesha gari, foleni za malori na kipande kizima cha hifadhi. Dereva mtulivu, asiyevunja sheria, hupata wastani wa kilomita 50 hadi 55 kwa saa akiwa mwendoni. Kilomita 500 kwa mwendo huo ni kama saa tisa na nusu za usukani. Ongeza saa moja na nusu ya kupumzika. Ni saa 11 mlango hadi mlango.

Ratiba inayofanya kazi ni hii:

- Kimara, saa 11:00 alfajiri
- Chalinze, saa 1:00 asubuhi
- Morogoro, saa 2:30, kifungua kinywa, kuondoka saa 3:15
- Mikumi mjini, saa 5:30; mapumziko; kuondoka saa 6:00 mchana
- Ruaha Mbuyuni, saa 7:30. Dakika kumi na tano za kunyoosha miguu
- Chini ya Kitonga, saa 8:30
- Ipogolo, Iringa, saa 10:00 jioni

Umebakiwa na saa mbili na nusu za mwanga. Hizo si za kuchezea. Ni za pancha, za semi, lori lenye trela, iliyolala katikati ya kona, za mtoto mwenye homa. Usizitumie kuchelewa kuamka.

Sasa andika upande wa pili wa karatasi kile ninachokiita *saa ya kulala*. Ni saa ambayo, ikikupita ukiwa mahali fulani, huendelei tena. Unatafuta chumba.

- Kama hujaondoka Morogoro ifikapo saa 5:15 asubuhi, lengo la siku si Iringa tena. Ni Mikumi.
- Kama hujaondoka Mikumi ifikapo saa 8:00 mchana, lala Mikumi.
- Kama hujaanza kupanda Kitonga ifikapo saa 10:30 jioni, lala chini, kwenye nyumba za wageni za Ruaha Mbuyuni.

Amua haya mezani, nyumbani, mbele ya mwenzi wako au yeyote unayesafiri naye. Mtu aliyechoka njiani haamui vizuri, na kila mara atasema "tumebakiza kidogo tu". Karatasi haichoki. Mpe abiria wa mbele aishike, awe yeye msemaji wake.

Hatua hii umeimaliza ukiwa na karatasi yenye pande mbili na umepiga simu kwenye nyumba ya wageni moja ya Mikumi, ukajua bei na kama wana maegesho ya ndani. Huhitaji kulipa. Unahitaji kujua kwamba kuna mlango utakaofunguliwa.

## Hatua ya 2: Kagua gari siku nne kabla

Si usiku wa kuamkia safari. Fundi akibadilisha kitu, unahitaji siku mbili tatu za kukizungusha mjini uone kama kimekaa sawa. Gari lililotoka gereji saa mbili usiku na kuanza safari alfajiri ni gari ambalo hakuna aliyelijaribu.

Matairi kwanza. Ubavuni kuna tarakimu nne: 3521 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lenye zaidi ya miaka sita, hata kama kashata zake (meno yanayoshika barabara) bado nzuri, mpira wake umekauka. Litoe kwenye safari hii. Upepo jaza kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, tairi likiwa la baridi.

Hapa naomba nikae kidogo, maana kuna imani inayoua watu. Wengi hupunguza upepo wakisema barabara ya moto itapasua tairi lililojaa. Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozalisha joto linalolichana. Mwendo mrefu, mizigo na jua la bonde la Ruaha vikikutana na tairi legevu, hapo ndipo linapopasuka. Jaza kipimo cha kiwandani cha gari lenye abiria wote, basi.

Spea ishushe chini kabisa uipime. Mimi nimewahi kufungua buti karibu na Doma, kati ya Morogoro na Mikumi, jua la saa sita, nikakuta spea haina upepo hata kidogo. Gereji iliyoniambia imekagua "kila kitu" haikuwa imeigusa, na mimi sikuwa nimeuliza. Nilikaa pembeni saa mbili na watoto wawili. Tangu siku hiyo hulegeza na kukaza nati moja ya kila gurudumu mwenyewe kabla ya safari, kwa spana ile ile nitakayobeba. Nati iliyokazwa kwa mashine gereji inaweza kukushinda kwa mkono.

Breki: pedi za mbele ziwe na unene wa kutosha, na mafuta ya breki yabadilishwe kama yamepita miaka miwili. Mafuta haya hunyonya unyevu. Yakichakaa huchemka mapema kwenye mteremko mrefu, na pedali inakuwa laini kama sponji. Mfumo wa kupoza: kulanti ijae, mipira ya rejeta isiwe na nyufa, feni iwake yenyewe injini ikipata joto. Mkanda, betri, waipa, taa zote. Haya ya mwisho fundi yeyote atayamaliza kwa nusu saa.

Gari likiwa tayari, liendeshe dakika arobaini ukiwa na abiria wanne, upite mlima wowote unaoujua. Mshale wa temprecha ukikaa mahali pake muda wote, na gari halivuti upande ukishika breki, umemaliza.

## Hatua ya 3: Mafuta na fedha

Kama gari lako linatumia lita moja kwa kilomita 12, kilomita 500 ni lita 42. Ongeza tano za mlima na foleni. Tangi la magari mengi madogo halitoshi kwa raha, kwa hiyo jaza Dar jioni iliyotangulia kisha ongeza Mikumi mjini. Usisubiri taa ya njano. Ikiwaka katikati ya hifadhi huna sheli, na hapo si mahali pa kushuka garini.

Bei za kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kawaida huongezeka kadiri unavyotoka bandarini, ndiyo maana nasema ujaze Dar. Tembea na fedha taslimu za kutosha mafuta ya nusu tangi na chumba cha usiku mmoja. Fedha ya simu ni nzuri mpaka mtandao upotee.

## Hatua ya 4: Lala, kisha toka saa 11

Mizigo ipakiwe jioni, mizito chini na mbele karibu na viti, kioo cha nyuma kionekane. Saa tatu usiku dereva awe kitandani. Nasema hivi kwa uzito wote: dereva aliyelala kwa muda wa saa nne tu hana tofauti kubwa na aliyekunywa, na usingizi wa barabarani haubishi hodi.

Kutoka saa 11 alfajiri kuna sababu mbili. Unavuka Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibaha kabla watu hawajaenda kazini. Pili, unaelekea magharibi, jua litachomoza mgongoni kwako. Anayetoka Mbagala au Kigamboni aondoke saa 10, asidanganywe na ukimya wa usiku.

Kipande cha kwanza bado ni giza, na malori mengi yameegeshwa pembeni bila taa. Mpaka kupambazuke, usizidi mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya mwanga wa taa zako. Jua likikukuta umeshapita Mlandizi, uko kwenye ratiba.

## Hatua ya 5: Dar hadi Morogoro, shule ya hamsini

Kilomita hizi 190 na ushee ndizo zinazowavuruga watu. Vijiji vinafuatana, vibao vya 50 vinafuatana, na askari wa tochi, wanaopima mwendo, wamesimama mahali ambapo barabara inakushawishi ukimbie.

Fuata kibao, si hisia. Hamsini inaanza kwenye kibao chenyewe, si ulipoona nyumba ya kwanza, na inaisha kwenye kibao chenye 50 iliyokatwa kwa mistari. Wengi hukamatwa mita mia moja za mwisho, nyumba zimekwisha, mguu umeshakanyaga, kibao cha kufuta bado.

Na unaokoa nini ukikimbia? Kipande huru kati ya kijiji na kijiji tuseme ni kilomita tano. Kwa 90 unakimaliza kwa dakika tatu na sekunde ishirini. Kwa 120, dakika mbili na nusu. Umepata sekunde hamsini, kisha unaikuta hamsini ile ile na lori lile lile. Kwa sekunde hizo umechoma mafuta, umepasha matairi moto, umehatarisha mtoto anayevuka kwenda shule.

Ukisimamishwa: washa indiketa, simama pembeni kabisa, zima injini, salimia. "Shikamoo afande" kwa mtu mzima haigharimu kitu. Kama kosa ni la kweli, faini ya kosa moja ni shilingi 30,000 na hulipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Usimpe mtu fedha mkononi. Hata kama una haraka.

Mizani ya Vigwaza ni ya magari makubwa, lakini foleni ya malori humwagika barabarani. Punguza mwendo mapema. Ukifika Chalinze barabara ya Tanga inakwenda kulia, wewe unanyoosha. Milima ya Uluguru ikianza kuonekana kushoto, Morogoro imekaribia.

Kula kifungua kinywa Msamvu au mjini, chepesi: supu na chapati, chai, ndizi. Sahani ya pilau saa tatu asubuhi itakudai usingizi ukiwa Doma. Wakati wengine wanakula, zunguka gari, shika kila rimu kwa tahadhari. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake inakwama. Morogoro ni mji wenye mafundi. Mbele hupati nafasi nzuri kama hii.

## Hatua ya 6: Kulipita lori bila kubahatisha

Hii ni njia ya Zambia na Kongo, malori hayaishi. Utalazimika kuyapita, kwa hiyo jifunze hesabu yake.

Semi ina urefu wa karibu mita 18. Ukiweka nafasi ya kutokea nyuma yake na ya kurudi mbele yake, unahitaji kulizidi kwa kama mita 60. Likiwa linakwenda 50 na wewe 80, itakuchukua sekunde saba na kitu. Ndani ya sekunde hizo umesogea mita 160, na basi linalokuja mbele kwa 80 nalo limesogea 160. Yaani unahitaji barabara tupu ya mita 320 kwa uchache. Mimi husubiri nione 500. Kama huoni mita 500, hupiti, hata kama walio nyuma wanapiga honi.

Kaa mbali na mkia wa lori ili uone mbele. Anayegandana nalo haoni kitu na hulazimika kuchungulia, na kuchungulia ndiko kunakopeleka pua ya gari upande wa pili.

Madereva wa malori wana lugha yao: indiketa ya kushoto, "pita", ya kulia, "usipite". Ya kulia iheshimu daima. Ya kushoto ichukue kama habari, si kama ruhusa, kwa sababu anaweza kuwa anaegesha tu, na anayehukumu barabara ni macho yako. Ukikuta matawi ya miti yamepangwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika. Punguza mwendo papo hapo. Taa za mbele za anayekuja zikiwaka na kuzimika, nayo ni tahadhari: ajali, mnyama, au askari.

Usilipite lori kwenye mstari usiokatika, kwenye kona, karibu na kilele, wala kwenye daraja. Na usimfuate mwenzako anayepita. Nafasi aliyoiona yeye ilikuwa ya gari moja.

## Hatua ya 7: Kilomita 50 za Mikumi

Barabara kuu inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kupita tu hakuna kiingilio. Lakini kuna sheria: 70 mchana na 50 usiku, na matuta yatakayokukumbusha. Vibao vinaonyesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake, kwa dola. Ukigonga, hukimbii, unatoa taarifa.

Twiga mmoja akivuka, subiri. Nyuma yake kuna mwingine. Pundamilia na swala hukimbia wakifuata wenzao bila kutazama. Tembo wakiwa barabarani, simama mbali, usipige honi, usiwashe taa kali, acha nafasi ya kurudi nyuma. Mara nyingi wataondoka wenyewe ndani ya dakika chache.

Usishuke kupiga picha, na vioo viwe juu palipo na nyani. Watu wanaowarushia ndizi wanawafundisha kukaa barabarani, na matokeo yake utayaona yamelazwa kwenye lami. Nyumbani tuambizane: chakula cha binadamu kinaua nyani.

Ukiwa umetoka hifadhini bila kumshtua mnyama na bila kuzidi 70, simama Mikumi mjini. Ongeza mafuta, kunywa maji, toa karatasi. Ni saa ngapi? Jibu hilo ndilo linaloamua kama utaiona Iringa leo.

## Hatua ya 8: Ruaha Mbuyuni na mlima Kitonga

Baada ya Mikumi barabara inaanza kona, kisha inashuka kwenye bonde la mibuyu, joto kali, mto Ruaha pembeni. Ruaha Mbuyuni utakaribishwa na marundo ya vitunguu. Viangalie tu, utanunua ukirudi. Gunia mgongoni mwa gari dogo ni adui wa mlima.

Hapa fanya ukaguzi wa mwisho. Subiri injini ipoe kidogo, tazama kulanti kwenye tangi la akiba, tazama chini kama kuna tone. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto. Maji yaliyo ndani yana mgandamizo, yatakurukia usoni. Nusu saa ndiyo subira ya chini.

Kitonga ni mpando mkali wa kona kali, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Hautaki nguvu, unataka mpangilio.

Kwanza, zima kiyoyozi kabla ya kuanza kupanda, fungua vioo. Kiyoyozi kinaongeza mzigo na joto.

Pili, shuka gia mapema. Gari la gia za mkono, la pili au la tatu. Otomatiki, weka 2 au L. Injini ikizunguka kwa kasi nzuri, pampu ya maji inazunguka nayo na gari linapoa. Ukilazimisha gia kubwa, injini inalemewa na kuchemka.

Tatu, acha mita ishirini nyuma ya lori. Malori hurudi nyuma yakibadilisha gia, na mengine hushindwa kabisa. Hiyo nafasi ndiyo njia yako ya kutokea. Usilipite lori Kitonga kwenye kona. Utapoteza dakika kumi na tano. Umezihesabu tayari kwenye karatasi.

Mshale wa temprecha ukipanda, washa hita ya ndani iwe ya moto kabisa. Ni mateso, lakini inavuta joto la injini. Ukiendelea kupanda, tafuta pembeni palipo panapoonekana na walio nyuma, simama, hazadi, hendibreki, na lile gogo lako nyuma ya tairi. Weka pembetatu mbali, mita hamsini au zaidi, kabla ya kona na si baada yake.

Semi ikikwama na foleni ikafunga, zima injini ukae upande wako. Hapa ndipo foleni ya saa moja hugeuka ya saa sita: magari madogo yanachomekea, yanajaza upande wa wanaoshuka, na gari la kuvuta linakosa pa kupita. Ukikaa kwenye mstari, umesaidia watu mia.

Ukifika juu utajua. Hewa inabadilika ghafla, inakuwa nyepesi na baridi. Mshale ukiwa katikati na huna harufu ya klachi, umepanda vizuri.

## Hatua ya 9: Ilula hadi Iringa

Barabara inalegea, na dereva naye hulegea. Jua la alasiri liko usoni, mwili umechoka, moyo umeshafika. Ilula kuna soko la nyanya, mikokoteni, bodaboda na hamsini ndefu. Ukianza kupiga miayo, au ukigundua hukumbuki kijiji ulichopita, simama ulale dakika ishirini. Kuongeza sauti ya muziki hakuondoi usingizi.

Ukifika Ipogolo, mji uko juu kulia kwako. Njia inapanda kwa kona. Ukipita ukaendelea kunyooka unakwenda Mafinga na Mbeya. Piga simu nyumbani, vaa sweta, andika kwenye karatasi saa halisi uliyopita kila kituo. Hiyo ndiyo ratiba bora utakayowahi kuwa nayo, maana ni ya gari lako na mguu wako.

## Hatua ya 10: Kurudi

Pumzika walau usiku mmoja kamili, bora miwili. Ratiba ni ile ile ikigeuzwa, lakini mambo mawili yanabadilika.

Asubuhi unaelekea linakotoka jua. Osha kioo cha mbele ndani na nje, miwani ya jua iwe karibu.

Na Kitonga sasa ni mteremko. Weka gia ndogo *kabla* ya kuanza kushuka, ile ile ungepandia. Usiweke gia huru kuokoa mafuta. Gari linakuwa halina cha kulishika isipokuwa pedi. Shika breki kwa nguvu kidogo, punguza, achia kabisa ili zipoe, rudia. Kuzigandia kwa upole muda wote ndiko kunakozichemsha. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikazama zaidi ya kawaida, simama mahali salama nusu saa. Usimwagie maji diski za moto, zitapinda au kupasuka.

Vitunguu nunua Ruaha Mbuyuni, mlima umeshaisha, ndoo mbili tatu na si gunia. Mkaa na mbao za njiani viache, vina vibali vyake na vizuizi vyake. Na kabla ya kuingia Mikumi, itazame tena karatasi.